Nani alihesabu nyumba za Bwamba?

Ukimtajia Mganda mwaka 1966, atakuambia Mengo. Februari Waziri Mkuu Obote akaisimamisha katiba, Mei jeshi likavamia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, huko Mengo. Kati ya hayo mawili, alfajiri ya Jumapili tarehe 20 Machi, ardhi ilitikisika chini ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, na watu takriban 160 wakafa. Tetemeko hilo la Tooro lilimezwa na siasa za mwaka wenyewe, na hadi leo linatajwa kwa mstari mmoja tu.

Ndiyo maana mabishano ninayoyasikia mara kwa mara huku magharibi hayanishangazi: je, tuwafuate wazee wa Bundibugyo na kinasa sauti kabla hawajaondoka, au tuwaache? Aliyekuwa na miaka kumi usiku ule sasa yuko kwenye sabini.

Wanaosema waachwe wana hoja. Mtaalamu wa miamba atakwambia kumbukumbu ya mzee si kipimo. Mwingine anasimulia tetemeko la 1966 huku akilichanganya na lile la Februari 1994, la Kisomoro kule Kabarole ya wakati ule. Nimelisikia hilo kwa masikio yangu. Mzee alihama mwaka katikati ya sentensi wala hakujua. Wenyeji nao wamechoka. Eneo hili limeona uasi wa Rwenzururu, likaona waasi wa ADF wakiwafukuza watu mashambani mwishoni mwa miaka ya 1990, na maporomoko ya udongo hayajaisha. Kila msiba huleta mgeni mwenye daftari. Anaondoka na simulizi, mabati hayaji. Kwa hilo sina jibu.

Ila hebu tuishike hiyo 160. Bwamba, nchi ya Waamba huko Bundibugyo, mwaka 1966 haikuwa mahali pa kuhesabia watu kwa utulivu. Tangu 1962 Wakonzo na Waamba walikuwa wameukataa utawala wa ufalme wa Tooro, na huo ndio uasi wa Rwenzururu, na serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari. Sasa nieleze: mtu aliyekuwa akimkwepa mtoza kodi huko mlimani angeshuka kumwambia mtu wa serikali hiyo hiyo kwamba nyumba yake imeanguka na mama yake amefia ndani? Na mtoto aliyezikwa asubuhi ile nyuma ya mgomba aliandikwa kwenye daftari lipi? Sisemi idadi ni ya uongo. Nasema ni idadi ya waliofikiwa, na sisi tumeirithi kana kwamba ni idadi ya waliokufa. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na mashine yoyote ya kupimia matetemeko kule Entebbe. Linaweza kupunguzwa, kidogo tu, na ukoo unaokumbuka makaburi yake.

Chukua pia saa. Mashine zinasema tetemeko lilipiga saa kumi na dakika 42 usiku, watu wamelala. Miaka 50 baadaye, Septemba 2016, Bukoba mkoani Kagera, Tanzania, ilitikiswa Jumamosi karibu saa tisa na nusu alasiri, wengi wakiwa nje. Kagera ilipoteza watu 17, na hata upande wetu wa Rakai nyumba zilibomoka. Lilikuwa tetemeko dogo zaidi, la kipimo cha 5.9, kwa hiyo saa peke yake haielezi tofauti yote. Kinachobaki kinategemea nani alilala chini ya nini. Nyumba ya fito na udongo huyumba, ikianguka inaanguka kwa vipande. Ukuta wa matofali usio na lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, huja wote kwa pamoja. Leo kila anayepata pesa ya kakao Bundibugyo anakimbilia matofali, na fundi anaruka lenta ili kuokoa saruji. Mzee anayekumbuka ni nyumba gani ya jirani iliyobaki imesimama anastahili kusikilizwa na fundi huyo.

Na hao wanaodai masimulizi si sayansi wasahau kidogo mashine zao. Ukali wa tetemeko mahali fulani, kwa kipimo cha Mercalli, hupatikana kwa kuangalia kilichobomoka na kuwauliza watu: vyombo vilianguka? Uliamka? Ukuta ulipasuka?

Sehemu iliyoandikwa vibaya kuliko zote ni kujijenga upya. Kagera inatufundisha. Mapema 2017 Rais Magufuli aliwaambia waathirika kwamba serikali haitawajengea nyumba, kila mtu ajijengee. Sekondari ya Ihungo ilijengwa upya, kwa hiyo ina mikataba, picha, na siku ya uzinduzi. Nyumba ya mjane aliyeuza ng'ombe ili ainue kuta haina hata karatasi. Bwamba ndiyo hivyo hivyo, tena imeongezewa miaka 60. Kahawa ya nani iliuzwa kununua mabati? Nani alihamia kwa shemeji asirudi tena? Ripoti za serikali, ambazo kwanza ziko kwa Kiingereza, hufunga ukurasa pale mablanketi yanapoisha.

Nikiulizwa lugha, ningesema kila mzee aongee anayoiota, halafu yatolewe pia kwa Kiswahili. Mto Semliki ni mpaka wetu na Kongo lakini tetemeko halikuulizwa kitambulisho, na sokoni pale mpakani Kiswahili ndicho kinachovuka.

Mwaka jana, Nyahuka huko Bundibugyo, nilimwomba mzee mmoja anisimulie. Alinyamaza kwanza.

"Mjukuu wangu, hiyo sauti yangu itakaa wapi?"

"Kampala, mzee."

"Basi nitakwambia ya Kampala. Ya hapa nitamwambia atakayeiacha hapa."

Akanisimulia dakika kumi hivi, vizuri sana, na najua alibakiza. Nimeanza kuulizia shule ya karibu yenye kabati linalofungwa.