"Dogo kauza": ushabiki wa mbio za magari na midomo yetu mtandaoni

Wakuu, tangu zile mbio za Qatar za mwishoni mwa Novemba 2025 kuna ubishi haujaisha kwenye magrupu ya mashabiki wa Formula 1, na hata huku Kigoma, ambako ukimwambia mtu unafuatilia mbio za magari anakuuliza "yale yanayozunguka zunguka sehemu moja?", nako umefika na umeshagombanisha watu. Ubishi wenyewe ni shabiki mwisho wake wapi. Kuna wanaosema mtandao ndo uwanja wetu, dereva analipwa mamilioni, akiharibu asemwe, asiyetaka kelele akafuge kuku. Kuna wanaosema tumeshakuwa genge. Mimi naona pande zote zina hoja, ila upande mmoja hoja zake zinaishia njiani.

Kwa ambao hamkufuatilia. Lando Norris wa McLaren na Max Verstappen wa Red Bull walikuwa wanagombea ubingwa, na baada ya Qatar ilikuwa inabaki Abu Dhabi tu. Mbio zinaelekea kuisha, Norris yuko wa tano, mbele yake yuko Kimi Antonelli wa Mercedes, dogo wa miaka 19, msimu wake wa kwanza kwenye F1. Dogo gari likamteleza kwenye kona akatoka nje ya njia, Norris akapita akamaliza wa nne. Pointi 12 badala ya 10. Sasa McLaren wanatumia injini za Mercedes, kwahiyo unaona kabisa stori ilivyojitengeneza. Injinia wa Verstappen akamwambia dereva wake kwenye redio, redio ambayo dunia nzima inasikia, kwamba dogo ni kama amesogea pembeni akampisha Norris. Helmut Marko, yule mzee aliyekuwa mshauri wa Red Bull wakati huo, akalirudia mbele ya kamera kwa nguvu zaidi. Basi. Mercedes wakaja kuhesabu zaidi ya komenti 1,100 za matusi mazito na vitisho, mpaka vya kumuua, na dogo akaondoa picha yake Instagram akaweka nyeusi tupu. Kesho yake Red Bull wenyewe wakatoa taarifa kwamba marudio ya video yanaonyesha wazi gari lilimponyoka, na kwamba wanasikitika kwa yaliyompata.

Sasa njoo Mwanga, hapahapa Kigoma mjini. Mbio zile kwa saa zetu zilianza saa moja usiku, muda ambao kibanda umiza chochote kina mpira na ukithubutu kuomba wabadilishe chaneli utatolewa nje na hela yako isirudi. Kwenye grupu letu mwenye king'amuzi nyumbani ni jamaa mmoja wa Katubuka, ndo anatutupia nani yuko wa ngapi, wengine wote tunasubiri klipu. Kuangalia laivu kwa simu kunamaliza bando la wiki kabla mbio hazijafika nusu, ila klipu ya sekunde kumi haina gharama, na komenti ndo kabisa bure. Klipu iliyotufikia usiku ule ilianzia pale Norris anapita. Kona yenyewe, pale matairi ya nyuma yanapomkimbia dogo na anapambana na usukani, imekatwa. Juu yake wameweka sauti ya injinia. Yani ukiipokea hivyo hata ungekuwa shehe au mchungaji utasema dogo kauza.

Na watu wakasema. Fundi pikipiki mmoja, mtu mpole kweli ukimkuta kijiweni kwake, akaenda mpaka kwenye picha ya Antonelli akaandika kwa Kiswahili "dogo umeuza mechi utalipwa na Mungu", akarudi na skrini shoti anajisifu. Mmoja akamwambia "mzee, yule Mwitaliano atasoma saa ngapi hayo?", akajibiwa "kuna kitufe cha kutafsiri bro, atasoma tu". Tulicheka wote, tusidanganyane. Yule mwenye king'amuzi, ambaye ndo pekee alikuwa ameona mbio nzima, alikuwa anaandika kwa utaratibu kwamba dogo aliteleza, mbona Norris mwenyewe hakuwa anatarajia, na hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Hapo ndo msimamo wangu ulipo. Ukali wa komenti unapanda kadiri mtu alivyoona kidogo. Aliyekaa mbio nzima anajua tairi zimechoka, anajua dogo alikuwa anasukumwa muda wote, anakuwa na maswali. Aliyeona sekunde kumi hana swali lolote, ana hukumu. Na huku kwetu, kwa sababu ya gharama ya bando na kukosa chaneli, wengi wetu ni mashabiki wa sekunde kumi, hatukupenda lakini ndo hali.

Lakini nisije nikawa kama wale wanaotaka shabiki akae kimya anunue kofia. Kelele zimeshafanya kazi kwenye huu mchezo. Agosti 2021 pale Spa, Ubelgiji, mvua ilinyesha, mashabiki wakakaa kwenye matope masaa na masaa, halafu magari yakatolewa yazunguke kidogo nyuma ya gari la usalama, lile linaloongoza wote polepole kukiwa na hatari, hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kumpita mwenzake, ikatangazwa kwamba mbio zimefanyika na nusu pointi zikagawiwa. Dunia ilipiga kelele, madereva nao, na msimu uliofuata sheria ikabadilika, sasa hivi bila mizunguko angalau miwili ya mbio za kweli hakuna pointi za mtu. Desemba mwaka huohuo ikaja Abu Dhabi, mbio za mwisho, Lewis Hamilton wa Mercedes na Verstappen wanagombea ubingwa. Nicholas Latifi akagonga ukuta imebaki mizunguko michache, gari la usalama likaingia, na mkurugenzi wa mbio Michael Masi akaruhusu magari matano tu yaliyopitwa mzunguko mzima, yale yaliyokuwa katikati ya Hamilton na Verstappen, yajitoe kwa kupita mbele, mengine yabaki, kisha akaachia mbio kwa mzunguko mmoja wa mwisho, Verstappen na tairi mpya, Hamilton na tairi zilizoisha. Ubingwa ukaenda kwa Verstappen. Kama mashabiki wangesema "sawa, maamuzi ya refa" kama tunavyoambiwa siku zote, sidhani kama FIA, shirikisho linalosimamia huu mchezo, wangechunguza kwa haraka ile. Masi akaondolewa Februari 2022, ripoti ikakiri makosa ya kibinadamu, na maneno ya sheria yakanyooshwa kwamba magari yote yaliyopitwa ndo yanajitoa, sio baadhi. Kwahiyo anayesema kelele za mtandaoni hazina faida hajafuatilia.

Ila angalia kelele hizohizo za Abu Dhabi zilienda wapi pengine. Zilienda kwa Latifi. Mtu kagonga ukuta! Kijana wa timu ya mkiani, hakuwa na habari na ubingwa wa mtu, alikuwa anapambana na Mick Schumacher nafasi za nyuma kabisa, na alitishiwa kuuawa mpaka akaandika waraka mrefu kueleza kwamba alilazimika kufuta programu za mitandao kwenye simu yake. Masi alikuwa na swali la kujibu. Latifi alikuwa na swali gani? Hakuna. Lakini Masi hakuwa na picha za kukomentia kila siku, Latifi anazo.

Kinachoniuma zaidi hapo, na nasema kama mtu anayemshabikia Hamilton, ni kwamba kati ya waliomshukia Latifi walikuwemo wenzetu. Miezi mitano tu nyuma, Julai 2021 pale Silverstone, Uingereza, Hamilton alipogongana na Verstappen akashinda, alitukanwa kwa rangi yake mtandaoni mpaka F1, FIA na Mercedes, timu yake wakati huo, wakatoa tamko la pamoja. Tulilia sana. Wengi wetu huku tulianza kufuatilia huu mchezo kwa sababu yake, mweusi pekee kwenye gridi, hatuna dereva mwingine wa kujiona kwake, mbio zenyewe hazijafanyika Afrika tangu Kyalami, Afrika Kusini, 1993. Halafu Desemba watu walewale walioonja uchungu wakageuza.

Watetezi wa kelele wana jibu moja zuri na linahitaji kuheshimiwa. Wanasema huu ni utani tu, sisi ni Waswahili, tumekulia kwenye Simba na Yanga, mwenzako akifungwa tano unampelekea ujumbe mpaka kwa mama mkwe wake na kesho mnakunywa chai pamoja. Kweli kabisa. Tena mimi nadhani bila huo utani F1 isingeshika hata kidogo huku, maana bila mtu wa kumcheka utaangalia magari peke yako mpaka lini. Na kwenye grupu utani ndo umefundisha watu, mtu alikuwa hajui kwanini dereva anaingia kubadili tairi mapema kuliko mpinzani, amechekwa akaelezwa, leo anaelezea wenzake vizuri kuliko watangazaji. Tangu Hamilton aende Ferrari 2025 akamaliza msimu bila podiamu (tatu bora) hata moja ya mbio za Jumapili, nimetaniwa na kila mtu kuanzia Ujiji mpaka Kasulu na sijamchukia mtu.

Shida ni kwamba utani wa Simba na Yanga una watu wawili. Mimi nakucheka leo, kesho zamu yako, na tunajuana, nikizidisha kuna mzee kijiweni atasema "kijana, hapo umevuka". Antonelli hawezi kumtania fundi wa Mwanga. Hamjui, hana zamu. Komenti ikienda upande mmoja tu, toka kwa maelfu ya watu kwenda kwa dogo mmoja, mimi hapo siuoni utani ulipo, hata kama kila mmoja wa wale maelfu alikuwa anacheka wakati anaandika.

Kuna watakaosema mitandao ndo imeharibu watu, zamani mashabiki walikuwa wastaarabu. Hapana bwana. Hamilton alifanyiwa dhihaka za rangi na watazamaji waliojipaka rangi nyeusi Barcelona mwanzoni mwa 2008, kipindi ambacho huku kwetu hata simu ya kuingia mtandaoni ilikuwa anasa. Na mwaka huohuo Brazil, Timo Glock wa Toyota alibaki na tairi za kavu mvua ikiongezeka, Hamilton akampita kona za mwisho, akachukua ubingwa kwa pointi moja mbele ya Felipe Massa. Glock aliitwa msaliti miaka na miaka, wakati video ya ndani ya gari lake inaonyesha mtu anayehangaika asizunguke kama pia. Yani Antonelli ni Glock mwingine, tofauti ni kwamba kwa Antonelli ilichukua nusu saa.

Hata ile nadharia yangu ya sekunde kumi ina tundu, acha niseme mwenyewe kabla hamjaniumbua. 2022 kwenye mbio za Austria mashabiki waliokuwa palepale uwanjani, wamelipa tiketi, wameona kila kitu kwa macho, walinyanyasa wenzao, wanawake hasa, mpaka F1 ikatoa tamko. Kwahiyo kuona mbio nzima hakumfanyi mtu muungwana. Kunamfanya ajue kilichotokea, basi.

Na hapa ndo nahisi tunawasamehe wakubwa kirahisi sana. FIA wana kampeni yao ya kupinga matusi mtandaoni, wanalaani kila tukio, vizuri. Lakini F1 wenyewe, wenye matangazo, ndo wanaochagua sauti gani ya redio irushwe hewani, na siku zote inarushwa yenye pilipili. Qatar hakuna shabiki aliyeanzisha ule uongo. Uliletwa na injinia na mzee wa zaidi ya miaka 80 aliyekaa kwenye mbio maisha yake yote, watu wenye skrini zote mbele yao, sisi tukausambaza. Wao wakaomba radhi, yakaisha. Shabiki wa Mwanga ndo anaonekana mshenzi kwenye ripoti. Simtetei fundi wetu, alichoandika ni upuuzi na nilimwambia, ila na yeye alidanganywa na watu wanaolipwa kujua.

Halafu kuna hili ambalo limewasha upya ubishi. Abu Dhabi Verstappen akashinda, Norris akawa wa tatu, ubingwa ukaenda kwa Norris 423 kwa 421. Pointi mbili. Zilezile mbili. Verstappen alikuwa na ushindi mara 8 na Norris 7, kwahiyo wangefungana pointi kombe lilikuwa lake. Wenye chuki na dogo wakarudi mbio, "si mnaona?". Hesabu yao ni sahihi, sibishani nayo, ingawa Norris naye Abu Dhabi aliendesha akijua nafasi ya tatu inamtosha, ingekuwa haimtoshi angeendesha vingine. Huo ni ubishi mtamu kabisa na mimi nitaubisha mpaka msimu ujao ukiisha. Uendelee kwenye grupu, kwenye bao, kwenye daladala ya Ujiji, popote. Kwenye picha za dogo hauna kazi, na kama kuna mtu bado ana hasira za zile pointi mbili, basi aanze kwa kumuuliza Marko aliona nini.