Mkurugenzi wa Burudani Melini: Ana Uzito Gani Kwenye Raha ya Abiria?

Chama chetu hukutana South B kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na mkutano uliopita ulichelewa kwisha kwa sababu ya mtu ambaye si mwanachama. Tulikuwa tunapanga safari ya pili ya meli ya kitalii. Ya kwanza tulienda watu kumi na wawili, baada ya kuweka akiba miaka miwili. Tulipanda ndege JKIA hadi Dubai, tukalala melini usiku saba tukizunguka Ghuba. Sasa wifi yangu anataka tusogeze tarehe miezi minne ili tusafiri tena na yule mkurugenzi wa burudani aliyekuwa kwenye safari ile. Mweka hazina akamuuliza, "Kwani tunalipia MC ama tunalipia bahari?" Nusu ya chumba ikaenda kwa wifi, nusu ikabaki kwa mweka hazina, na chai ikapoa.

Nimelifikiria swali hilo wiki nzima, maana hizi ni pesa za watu waliojinyima.

Kwanza kazi yenyewe, kwa kuwa wengi hudhani ni kushika maikrofoni tu. Mkurugenzi wa burudani ni mkuu wa shughuli zote za abiria: wanamuziki, wacheza dansi, DJ, mafundi wa sauti na taa, vijana wanaoendesha michezo kando ya bwawa. Kwa kawaida yuko chini ya mkurugenzi wa huduma za hoteli melini, naye huyo yuko chini ya nahodha. Yeye ndiye hupanga saa ya bingo isigongane na saa ya onyesho, ndiye hupanda jukwaani jioni, na ndiye sauti inayokusabahi kwenye vipaza sauti. Unaweza kushuka meli bila kumwona nahodha hata mara moja. Huyu humkosi.

Hoja ya mweka hazina ina nguvu, na ukubwa wa meli za siku hizi unaizidishia. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, ina sitaha 20 na nafasi ya abiria 5,610 vyumba vikilaliwa na watu wawili wawili. Ikijaa kabisa hufika 7,600. Mkurugenzi ni mmoja. Akizungumza na watu mia kila siku bila kupumzika, wiki inaisha hajafikisha elfu moja. Isitoshe, maonyesho makubwa ya jukwaani mara nyingi hutengenezwa na makao makuu ya kampuni, yakafika melini yamekamilika. Kazi yake ni kuyatangaza. Kampuni ikiamua kupunguza bendi, hakuna maneno yake matamu yatakayoirudisha, na lawama za abiria humwangukia yeye. Hapo naona anaonewa.

Tena kuna watu wanaokugusa kila siku kuliko yeye. Kwenye meza yetu mhudumu alikuwa kijana wa Likoni. Usiku wa pili aliona tunakisukuma chakula kwa uma, hakuuliza kitu. Usiku wa tatu tulikuta kisahani cha pilipili mbichi iliyokatwakatwa, chumvi pembeni na vipande vya ndimu. Aliendelea hivyo mpaka tukashuka. Nikiikumbuka safari ile, kisahani kile hunijia kabla ya onyesho lolote.

Lakini wifi naye hasemi bure, na lazima nieleze kwa nini.

Siku ya nne tulikuwa tushuke Sir Bani Yas, kisiwa cha Abu Dhabi chenye ufuo na hifadhi ya wanyama. Alfajiri upepo ukavuma. Nahodha alitangaza kwa sentensi tatu: mashua haziwezi kutupeleka ufuoni salama, tunapita, samahani. Katika dakika kumi foleni ya mapokezi ilikuwa imefika kwenye ngazi, watu na mataulo yao na kofia za jua, mzee mmoja akigonga meza. Mkurugenzi wa burudani hakutumia kipaza sauti. Alishuka akasimama katikati ya foleni, akaeleza kwamba waliolipia matembezi kupitia meli watarudishiwa pesa kwenye akaunti zao za melini, na kwamba ratiba mpya italetwa milangoni kabla ya saa tatu. Alirudia maneno hayo kwa kila kikundi, polepole, bila kukasirika, huku akiwaangalia usoni.

Saa nne akafungua ukumbi mdogo. Alikuwa amemwona wifi amejifunga leso tangu siku ya kwanza, kwa hiyo akamuuliza kama angependa kuwafundisha watu. Wifi yangu ni karani wa ofisi ambaye hata kwenye chama huongea kwa shida. Alisimama mbele ya wageni kama sitini, nusu yao wakiwa na mataulo ya bwawani badala ya leso, akawaonyesha kufunga kiunoni, kifuani, na ile ya kumbeba mtoto mgongoni. Mwanamume mmoja aliomba kujifunza hiyo ya mwisho kwa ajili ya mjukuu wake. Watu walicheka na kupiga makofi, na ile foleni ikasahaulika. Siku iliyokuwa imeharibika ndiyo wifi anaisimulia mpaka leo, kwa hiyo simshangai akitaka kumsubiri mtu huyo.

Hapa Nairobi watu hupenda kumfananisha na dereva wa safari za Mara: simba ni wale wale, lakini dereva ndiye hukufanya uwaone. Mimi naona mfano huo haufai. Dereva anakaa na watu saba ndani ya gari moja siku tano. Kila akifungua mdomo unamsikia, na kila anapokata kona maisha yako yamo mikononi mwake. Mkurugenzi wa melini huwafikia wengi kupitia watu wake na kupitia ile karatasi ya ratiba. Wema wake ukikosekana kwa wasaidizi wake, haukufikii.

Na ratiba hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo sehemu ya kazi yake inayodharauliwa. Mwanachama wetu mmoja alikuwa amefiwa na mumewe mwaka uliotangulia. Hakutaka kuja, tulimsukuma. Vijana walikuwa bwawani, sisi tulikuwa tunazurura madukani, na yeye hakutaka kelele. Saa tisa alasiri kila siku palikuwa na meza za karata kwenye sitaha ya kati, mahali patulivu penye madirisha, na msaidizi mmoja aliyemketisha na akina mama wawili kutoka Goa. Bado wanaandikiana. Hakuna aliyepanda jukwaani kwa ajili yake. Kuna mtu aliyekaa chini akafikiria kwamba saa tisa kuna abiria asiyekuwa na pa kwenda. Kwa anayesafiri peke yake, kwa mzee, kwa mwenye huzuni, kazi hiyo ina uzito kuliko chumba chenye roshani.

Mwishoni mwa uzani huu liko jambo ambalo halihusu raha tena. Agosti 1991 meli Oceanos ilikuwa ikitoka East London kwenda Durban ilipoanza kuingia maji kwenye pwani ya Afrika Kusini. Maafisa hawakuwaongoza abiria. Mpiga gitaa Moss Hills na wenzake wa burudani ndio waliowaimbia watu ukumbini meli ikiinama, wakasaidia kushusha mashua za kuokolea, wakaomba msaada kwa redio. Nahodha aliondoka kwa helikopta wakati abiria wengine wangali melini. Watu wote 571 waliokolewa. Sisemi kila mkurugenzi wa burudani atakuwa hivyo. Nasema tu kwamba watu humfuata yule waliyezoea sauti yake.

Upande mbaya nao upo. Jirani yangu wa Lang'ata alisafiri Mediterania na meli ambayo mkurugenzi wake alitangaza kila baada ya muda mfupi: kadi za bingo, mapambo yaliyopunguzwa bei, tiketi za matembezi. Alilipia utulivu akauziwa vitu siku nzima, mwishowe akawa anakaa chumbani. Kwa hiyo uwezo wa mtu huyu kuharibu si mdogo kuliko uwezo wake wa kujenga, na abiria hana namna ya kuzima sauti hiyo kwenye sitaha.

Ninavyopima, uzito wake haulingani siku hadi siku. Penye bandari kila asubuhi, unatoka saa mbili, unarudi jioni miguu inauma, unakula, unalala. Hapo yeye ni mdogo sana. Penye siku nyingi za bahari tupu, mambo hugeuka. Meli ya Queen Mary 2 kati ya Southampton, Uingereza, na New York huchukua usiku saba kwa kawaida, na katikati hakuna pa kushuka. Kwenye safari kama hiyo, mtu anayejua kuigawa siku ndiye anayekupa nusu ya ulichonunua. Upepo ukivuma hata kwenye safari ya bandari nyingi, uzito huo humrudia ghafla.

Lakini kumsubiri mtu mmoja, hapo namkatalia wifi kwa upendo. Watu hawa hufanya kazi kwa mikataba ya miezi kadhaa, kisha huenda likizo au huhamishiwa meli nyingine. Akiugua wiki moja kabla ya sisi kupanda, kampuni haitaturudishia nauli kwa sababu hiyo, na tutakuwa tumepoteza bei ya sasa.

Jumapili ijayo kuna safari mbili mezani. Moja ni usiku kumi na bandari nane. Kwa hiyo nitapiga kura na mweka hazina, tuangalie vyumba na bei. Nyingine ina siku tano za bahari, na yule mjane wetu ameshasema ndiyo anayoitaka. Nimemwandikia ajenti wetu wa Moi Avenue anitumie karatasi ya ratiba ya siku moja ya baharini kutoka safari iliyopita ya meli hiyo. Nataka kuona walichopanga saa tisa alasiri.