Jua la Lami

Ijumaa iliyopita, watu wametoka msikitini, gari ya matangazo ilipita kijijini kwetu na spika juu ya paa: ni marufuku kuanika karafuu barabarani, atakayekamatwa sheria itachukua mkondo wake. Ilipita polepole sana. Upande wote wa kushoto wa barabara ulikuwa umeanikwa karafuu, na dereva, mtoto wa Pemba huyo, hakuthubutu kuzikanyaga.

Nilicheka. Kisha hasira zikanipanda, na hadi leo hazijashuka.

Nikiri mapema, maana najua mtanirukia. Karafuu ya barabarani ina mchanga, ina moshi wa magari, na mbuzi wa Pemba hawana adabu. Mnunuzi wa India au Singapore hakuagiza kokoto. Na pikipiki ikiteleza juu ya karafuu usiku si jambo la mzaha. Haya, nimekiri.

Sasa tuseme kweli. Karafuu ikishachumwa haingoji kikao cha mtu. Mchana inatoka mtini, usiku nyumba nzima iko chini inachambua, makonyo, vijiti vyake, huku, karafuu kule, vidole vimeshika weusi, na asubuhi lazima ilione jua. Ukiiacha mbichi kwenye gunia siku mbili inapata moto wenyewe kwa wenyewe, inapauka, inakuwa mpeta, yaani karafuu iliyoharibika, na ukifika nayo kituoni kuuza hata karani anakuonea huruma. Inataka siku tatu nne za jua kali, na jua letu la vuli linatembea na wingu lake mfukoni. Lami ndiyo inayotuokoa. Inakausha kama mkate wa kumimina uliopaliwa: moto chini, moto juu.

Ami yangu analima eka tatu alizogaiwa babu baada ya Mapinduzi. Ana majamvi matatu, moja limetoboka. Uwanja wake una mwembe, banda la kuku na makaburi mawili. Wachumaji wanataka pishi walizochuma zilipwe jioni hiyo hiyo. Aliyeandika marufuku ile alidhani ami ataanika wapi? Juu ya makaburi? Huku kwetu sakafu ya kuanikia haipo, lakini spika ya kutukataza ipo, tena mpya, inasikika mpaka bondeni.

Kanuni zetu nyingi ndivyo zinavyozaliwa. Mtu anaona kosa, anaandika usifanye, anagonga mhuri. Kwa nini watu wanafanya, haulizi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, na mimi bado naiona ikipepea kwenye mikoko.

Wenye umri wangu mnayakumbuka magendo. Karafuu zikivuka usiku kwa mashua kwenda Shimoni na Mombasa, doria baharini, vizuizi barabarani, hotuba za uzalendo. Mkulima akisikiliza, anaitikia, usiku anapakia. Mwaka 2011 ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ikaanza kupandisha bei mpaka kilo ikafika shilingi 15,000. Doria ziliendelea, sawa, sizidharau. Lakini niliwaona kwa macho yangu watu waliokuwa wakijua kila mlango wa bahari gizani, wamekaa kwenye foleni ya kituo mchana kweupe, mmoja analalamika mizani inachelewa! Kilichowaleta pale ni bei.

Na kile kibali cha kusafirishia karafuu, cha kuchukua kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa, nacho nisikiache. Mwaka juzi ami alisimamishwa na gunia lake moja kwenye gari ya ng'ombe.

“Kibali kiko wapi, mzee?”

“Sheha yuko mazikoni, mwanangu.”

“Basi msubiri.”

Akasubiri mpaka magharibi, kituo kimeshafungwa. Ng'ombe alikula sehemu ya kamba.

Nirudi Ijumaa ile. Saa kumi gari ya matangazo ilikuwa inarejea, na wingu limetanda upande wa bahari, jeusi. Watoto, wanawake, kila mwenye ufagio yuko barabarani anakusanya. Ami akaenda dirishani kwa dereva.

“Baba, shuka utushikie ncha ya jamvi.”

Akashuka. Spika aliisahau ikiendelea: ni marufuku kuanika karafuu barabarani, ni marufuku, huku yeye ameinama na ncha ya jamvi mkononi, matone ya mwanzo yanamgonga mgongoni.