Nani Mcherokee, na nani mwenye haki ya kuamua?

Kwetu ukimuuliza mtu kabila lake anakutajia la baba au la mama yake na yameisha, hakuna anayemdai karatasi. Kwa Wacherokee, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, haiko hivyo kabisa na nadhani wengi wanaobishana juu ya hii ishu wanapotea hapo hapo, kwasababu kule kabila ni serikali, lina katiba, lina mahakama, lina polisi na hospitali, na kuwa mmoja wao ni uraia sio damu tu. Serikali kuu ya Marekani inazitambua serikali tatu tu za Wacherokee: Cherokee Nation na United Keetoowah Band, zote makao yao yako Tahlequah, Oklahoma, halafu Eastern Band kule milimani North Carolina. Ila kwenye sensa ya 2010 watu zaidi ya laki nane walijiandika Wacherokee, na raia wa hizo tatu ukiwajumlisha wote walikuwa hawafiki hata nusu ya hapo.

Sasa hao wengine ni akina nani? Wengi wana stori ya bibi mzaa bibi basi. Lakini wapo waliojiunga kwenye vikundi na majimbo yakavitambua, Alabama inavyo vitatu vyenye jina la Cherokee, Georgia viwili. Hoja yao sio ya kupuuza hata kidogo. Mwaka 1838 jeshi liliwaswaga Wacherokee kama 16,000 kutoka kwao kwenda magharibi, na inakadiriwa 4,000 walikufa. Kuna waliojificha, kuna waliokuwa wameolewa na wazungu, na kwa miaka mingi kujitaja Muhindi (sio wa India, ndivyo wanavyoitwa wenyeji wa asili wa Marekani) huko kusini ilikuwa ni kujitafutia balaa, kwahiyo wanasema mtu aliyenyamaza ili watoto wake waishi unawezaje kumdai rekodi?

Nimeifikiria sana hiyo hoja na inaniuma, ila haitoshi. Eastern Band wenyewe wametokana na waliobaki, na walibaki wakijulikana, wana ardhi yao, wana lugha, majirani wanawajua. Halafu Wacherokee wameandikwa kuliko karibu kabila lolote, kuna orodha ya 1835, ya 1851, kuna ya Dawes iliyoanza 1898, yaani ya tume ya serikali kuu, ambayo hadi leo Cherokee Nation inaitumia kuamua nani raia, na mwaka 1906 yalipotangazwa malipo ya fidia yalikuja maombi zaidi ya 45,000 na sehemu kubwa yakakataliwa. Yaani watu wa kujidai Wacherokee panapokuwa na hela hawajaanza jana. Tangu 1978 serikali kuu ina utaratibu wake, kikundi kinatakiwa kionyeshe kimeishi kama jamii moja, kina uongozi wake na kina ukoo unaofuatilika, inachukua miaka na pesa nyingi za wanahistoria na mawakili, kwahiyo kweli maskini wanaumia. Lakini jimbo linaweza kumaliza kwa kura ya wabunge wasiojua hata mahali pa kuanzia kufuatilia huo ukoo, na utambuzi huo una faida, maana sheria ya 1990 ya sanaa inamruhusu mwanachama wa kabila la jimbo auze kazi yake kama ya Kihindi.

Kwahiyo kwenye vikundi niko upande wa zile serikali tatu. Ila wasiniambie karatasi ni takatifu, maana karatasi ndio iliyowafanyia ubaya watu weusi wa Cherokee. Wacherokee nao walimiliki watumwa, na mkataba wa 1866 ukawapa waliokombolewa na wazao wao haki zote sawa na Mcherokee mwingine. Wakaja makarani wa Dawes wakatenga orodha, ukionekana mweusi unawekwa kwa waliokombolewa bila kuandikiwa damu yoyote ya Cherokee hata kama unayo ya mzazi wako! Karne moja baadaye, 2007, Cherokee Nation ikapiga kura ikawatoa wazao wao kama 2,800 kwa hoja ya hiyo hiyo orodha. Ilibidi mahakama ya Marekani iseme 2017 kwamba mkataba bado una nguvu, na 2021 mahakama kuu ya Wacherokee wenyewe ikayafuta kwenye katiba maneno ya “kwa damu” yaliyokuwa yanawafungia nje. Hilo la 2021 naliheshimu sana, ni taifa limejisahihisha kwa mahakama yake.

Anabaki mtu ambaye babu wa babu yake yuko kwenye orodha ya 1835 Georgia, hakuhama, kwahiyo hayuko Dawes wala kwenye orodha ya 1924 ya Eastern Band. Huyo sio muongo, na sio raia pia. Ni mzao. Aitwe hivyo, akitaka kujifunza lugha afundishwe, ila asianzishe kabila lake na kuchagua chifu.