Matundu ni mengi, sawa, ila ioni inapita?

Jamani hizi grafu za polima, zile plastiki zinazogeuka rangi ukizipa umeme, eti "inabadili rangi chini ya sekunde moja", zimenichosha. Juzi nimetumiwa nyingine, matundu kibao, eneo la uso mita za mraba mamia kwa gramu moja, na watu makofi pwaa pwaa. Hongereni. Sasa hilo eneo mmelipimaje? Kwa gesi ya naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, tena kwenye unga mkavu! Halafu kifaa chenyewe ni utando wa polima uliobandikwa kwenye kioo na kulowa elektrolaiti, yaani kimiminika chenye ioni, zile chembe zenye chaji ya umeme.

Rangi haibadiliki kwa elektroni peke yake. Elektroni ikitoka au ikiingia kwenye polima, lazima na ioni ihame kusawazisha chaji, na hapo ndipo foleni inapoanza. Ioni ya lithiamu haitembei peke yake, imezungukwa na molekuli za kiyeyusho, ni kama mtu aliyebeba godoro kwenye korido nyembamba. Naitrojeni imepita kiulaini, lithiamu imekwama mlangoni, na nyie mmeshaandika "matundu yako wazi". Wazi kwa nani?

Ndo maana nasema tundu libuniwe kwa ajili ya ioni tangu mwanzo. Mimi nataka njia za nanomita 2 mpaka 50 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), zilizounganishwa, zinazotokea juu ya utando. Kuna wanaopanga vishanga vya polistireni, wanaotesha polima katikati yake, kisha wanaviyeyusha na njia zinabaki, hiyo ni kazi ya akili. Zile fremu za kikaboni zenye mpangilio (COF), yaani mitandao ya molekuli yenye vijia vilivyojipanga, zilizoanza kuripotiwa 2005, nazo ni nzuri mno, ila vijia vyake vikilala sambamba na kioo badala ya kusimama, ioni iingilie wapi?

Haya, nakubali kwa shingo upande, hata matundu ya ovyoovyo yana nafuu kuliko utando ulioshikana. Unene ukiongezeka mara mbili, muda wa ioni kupenya unakwenda kama mara nne, na ukikimbilia utando mwembamba unapata kasi lakini rangi imepauka, sasa kioo kinachokimbia kutoka hafifu kwenda hafifu cha nini? Matundu ndiyo yanakupa unene na kasi kwa pamoja. Ila ukiyazidisha, polima yenyewe inabaki kidogo na rangi inapotea vilevile, na utando unaanza kubanduka.

Na huo ukubwa wa sampuli sasa! Kipande cha ukucha lazima kiwe na kasi. Chukua kipana uone, ukingo ulio karibu na waya umeshakuwa buluu wakati katikati bado kunajivuta, kwa sababu ile tabaka angavu inayopitisha umeme nayo ina ukinzani wake na hakuna tundu litakaloiponya. Kwa hiyo mkileta grafu nyingine, nipeni utando wa ukubwa wa kiganja, muda wa kufika asilimia 90 ya badiliko pale katikati, na unene wake. Hizo mita za mraba kaeni nazo.