Uanagenzi kwenye mitambo ya maji: nani ampime mwanagenzi?

Mvua ikinyesha kwenye milima ya Uluguru, Mto Ruvu hubadilika rangi. Kwenye mitambo ya Ruvu Juu, Mlandizi, na Ruvu Chini, Bagamoyo, inayobeba sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam, dozi ya dawa ya kugandisha tope iliyotosha asubuhi inaweza isitoshe jioni. Fundi wa zamu huchota maji ya mto, akayagawa kwenye vyombo kadhaa vya kioo, akatia kila kimoja dozi yake, akakoroga, kisha akatazama ni kipi tope lake limeshikana na kutua mapema. Kanuni ya jaribio hilo unaweza kuisoma darasani kwa saa moja. Jicho la kuamua dozi saa nane usiku, mto ukiwa umefura, halipatikani hivyo.

Ndiyo maana nawaunga mkono wanaosema kazi ya kutibu maji ifunzwe kazini, kijana akiwa chini ya fundi mzoefu. Njia ya kupitia tunayo: Mwongozo wa Taifa wa Uanagenzi wa 2017 upo, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo, na Chuo cha Maji cha Ubungo kimefundisha mafundi sanifu tangu miaka ya 1970. Wanachuo nao hupelekwa mafunzo kwa vitendo. Ila wiki chache hazitoshi, na tatizo si uchache wake peke yake. Mwanafunzi akifika mtamboni Julai na kuondoka Septemba, ameuona mto ukiwa mtulivu tu. Mwanagenzi wa maji hana budi kuvuka masika, vuli na kiangazi mahali pamoja. Kuna pia suala la ada: kijana anayelipwa posho huku akijifunza anaweza kubaki, yule asiye na mlipaji huishia njiani.

Upande wa pili, wa wanaotilia shaka mafunzo ya kazini, una hoja nzito kuliko watetezi wengi wa uanagenzi wanavyokubali. Mei 2000, katika mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario nchini Kanada, mvua kubwa ilisomba samadi hadi kwenye kisima kimojawapo cha maji ya mji. Watu saba walikufa na zaidi ya 2,000 waliugua. Tume ya Jaji Dennis O'Connor ilipochunguza, ilikuta kwamba waliokuwa wakiendesha huduma ile walikuwa wamejifunza kazini, kwa waliowatangulia. Walichorithi ni mazoea: kutia pungufu klorini, dawa ya kuua vimelea, kuandika daftarini vipimo ambavyo havikupimwa, na kuamini kwamba maji ya visima vyao ni salama hata bila dawa. Leseni zao walipewa kwa kigezo cha uzoefu, bila kufanya mtihani.

Mfano huo haupaswi kupitwa haraka. Fundi seremala akimfundisha mwanagenzi vibaya, mteja ataliona kabati limepinda. Maji yenye vimelea yanaweza kung'aa kwenye glasi. Mafunzo ya kazini hurithisha kosa kwa uaminifu uleule yanaorithisha ujuzi, na katika kazi hii kosa hugunduliwa wodini.

Hata hivyo, baada ya Walkerton Ontario haikuacha kuwafunza watu kazini. Ilichofanya ni kuweka mtihani na mafunzo ya lazima, na kuwataka hata waliokuwa na leseni za uzoefu wafanye mtihani huo. Kwangu hapa ndipo penye jibu: anayefundisha asiwe ndiye anayethibitisha. Leseni ya EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, inaihusu mamlaka ya maji kama taasisi. Mtu anayekaa zamu naye awe na cheti kinachotokana na kupimwa na mtu wa nje, ambaye hatamwonea haya bosi wa anayepimwa. Amwulize kwa nini klorini iliyobaki kwenye bomba la mteja isishuke chini ya miligramu 0.2 kwa lita, kisha amkabidhi kipimo apime mbele yake.

Wasiwasi mwingine ni wa haki. Mwanagenzi hugeuzwa kibarua kwa urahisi: anachimba mitaro ya mabomba na kuosha vichujio mwaka mzima, lakini maabara haingii. Fundi anayemfundisha naye haongezewi chochote, kwa hiyo hana sababu ya kusimamisha kazi ili aeleze. Na jumuiya za watumia maji vijijini, zilizo chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, zikimfundisha kijana hadi akaiva, mamlaka ya mjini yenye mshahara mnono itamchukua. Mkataba wa uanagenzi usiotaja zamu za maabara, malipo ya mfundishaji na muda wa kutumikia baada ya kufuzu mimi nauona ni wa vibarua tu.

Kwenye majitaka msimamo wangu unabadilika kidogo: darasa litangulie. Hewa ya salfaidi ya hidrojeni kwenye chemba hunuka kama mayai viza, lakini ikizidi pua huacha kuisikia, na anayeteremka kumwokoa mwenzake huanguka pia. Hapo hakuna kujifunza kwa kukosea. Kijana asifunue mfuniko kabla ya kujua kutumia kipima hewa, mkanda na kamba, na kwamba juu lazima abaki mtu.

Wapo ambao wamekwishafunua mifuniko bila darasa wala kamba. Wapakuaji wa vyoo wa mitaa isiyo na mabomba ya majitaka huko Dar es Salaam wanaijua kazi hii kwa miili yao, na mara nyingi huifanya usiku kwa kificho. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Nafasi za kwanza za uanagenzi kwenye mabwawa ya majitaka zitengwe kwa ajili yao, pamoja na chanjo na buti, kabla hazijatangazwa kwa wenye vyeti vya kidato cha nne.