Matanga tunayaweza, arobaini inatushinda

Baba yangu alikuwa polisi, na sisi tulikulia kambini Nsambya ndani ya unipoti, zile nyumba za duara za mabati ambazo mchana ni tanuri na usiku ni friji. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 12 Julai 2010, alirudi saa nne akiwa hajalala. Akavua buti mlangoni. Mama alipoinama kuzichukua akazioshe, kama alivyofanya miaka yote, baba akamzuia: "Hizo ziache." Akazipeleka bombani mwenyewe, akachutama, akazisugua kwa kijiti na maji mengi, hata foleni ya ndoo nyuma yake ikawa ndefu na asiwepo wa kumwambia apishe. Mdogo wangu, aliyekuwa amesinzia kabla mechi haijaisha, akamfuata akamuuliza, "Baba, nani kachukua kombe?" Hakujibiwa.

Kombe la Dunia lilikwenda Hispania. Lakini kwa Kampala fainali ile haikuisha. Bomu la kwanza lililipuka kwenye mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, si mbali na kambi yetu. Mengine mawili yakafuatana kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo saa tano na dakika 18 usiku, mechi ikikaribia dakika ya 90, watu wamejazana mbele ya skrini kubwa. Zaidi ya watu 70 walikufa. Al-Shabaab wa Somalia wakasema ni wao, na sababu wakaitaja: wanajeshi wa Uganda waliokuwa Mogadishu tangu 2007 chini ya Umoja wa Afrika.

Tangu siku ile nimekuwa nikitazama nchi yangu inavyofiwa, na nimefikia kuamini kwamba matanga tunayaweza sana. Arobaini ndiyo inayotushinda.

Anayejua misiba ya kwetu atanielewa. Mtu akifa, siku tatu za mwanzo hazina taabu. Watu wanakuja bila kuitwa, sufuria zinaazimwa, mkeka unatandikwa, hata yule jirani mliyenuniana mwaka mzima anakuja kukata vitunguu. Kazi iko baada ya matanga kuanuliwa. Ukifika arobaini ndipo unajua nani atarudi, nani atauliza kama ada ya watoto imelipwa, nani ataona kwamba mjane amekonda.

Matanga ya 2010 tuliyakaa vizuri. Bendera zilishushwa nusu mlingoti, nchi ikaomboleza wiki nzima, na hospitali ya Mulago ikajaa majeruhi na watu waliokuja kutafuta ndugu zao. Mwezi huohuo marais wa Afrika walikutana Munyonyo, hapahapa Kampala, kama ilivyopangwa, na badala ya kuondoa jeshi Somalia wakakubaliana kuongeza. Nilikuwa kijana, nilijivunia. Hata sasa sidhani kwamba kukimbia kungetusaidia.

Lakini ndani ya matanga yaleyale kuna jambo lilipita ambalo wengi wetu hatukuliona kwa machozi. Mswada wa kuiruhusu serikali kusikiliza mawasiliano ya watu ulikuwa umelala bungeni tangu 2007, watu wa haki za binadamu wakiupinga. Bunge likaupitisha tarehe 14 Julai. Siku tatu baada ya mabomu! Mfiwa hasomi anachotiliwa saini, anasema tu "fanyeni mnavyoona." Siwalaumu wabunge peke yao. Siku ile mimi mwenyewe ningeulizwa kama nakubali simu yangu isikilizwe ningesema isikilizeni hata nikiwa msalani.

Halafu ukaja upekuzi. Mgeni akishuka Kampala leo, kitu cha kwanza atakachokiona ni askari wa kampuni binafsi mlangoni, mwanamume au mwanamke aliyechoka, mkononi ana kile kirungu cha kupimia chuma. Wiki zile za mwanzo alikupekua kweli, mkoba ukamwagwa mezani. Siku hizi nikiingia dukani na chupa yangu ya chai kirungu kinalia pii, kinalia tena pii, naye anasema, "Pita, mama." Kinalia kwa kila mtu na kila mtu anapita. Siku moja nilimuuliza mmoja wao kama amewahi kupata kitu. Akacheka, akasema amewahi kupata mkasi. Simcheki, maana kwa mshahara anaolipwa na saa 12 alizosimama hata huo mkasi ni wa kushukuru.

Sasa niseme la raia, maana kuisema serikali ni rahisi. Baada ya bomu raia naye anatafuta pa kuweka hofu yake, na mara nyingi anaiweka kwa jirani. Hili si geni kwetu. Amin alipoaibishwa Entebbe Julai 1976, ndege za Israeli zilizookoa mateka wa ndege iliyotekwa zikapitia Nairobi kujaza mafuta zikirudi, hasira yake iliwaangukia Wakenya waliokuwa wakiishi humu, na wengi wakauawa. Ndege ilitekwa na watu wengine, na anayelipa akawa mwalimu au kibarua ambaye kosa lake ni kuzaliwa ng'ambo ya mpaka.

Mwaka 2010 zamu ilikuwa ya Wasomali wa Kisenyi, mtaa wao hapa Kampala. Mwaka 2021 ikawageukia Waislamu kwa jumla. Tarehe 16 Novemba mwaka ule washambuliaji wa kujitoa mhanga walijilipua karibu na kituo kikuu cha polisi na kwenye barabara ya Bunge, na safari hii mkono ulikuwa wa ADF, waasi wenye asili ya Uganda waliojichimbia Kongo na kujiunga na Dola la Kiislamu. Siku chache baadaye Shehe Muhammad Abbas Kirevu, aliyetuhumiwa kuwaingiza watu katika kundi hilo, alipigwa risasi na vyombo vya usalama akafa. Labda alikuwa na hatia, labda hakuwa nayo. Mahakama haikupata nafasi ya kutuambia.

Wiki hiyo mama mmoja Msomali, muuza chai ya maziwa na sambusa ninayemzoea Kisenyi, alinituma nimnunulie dawa ya presha mjini. Duka la dawa liko hatua mia mbili kutoka kwake. "Mwanangu," aliniambia, "na buibui hili leo sipiti pale." Nilikwenda. Njiani kurudi, ndani ya teksi, simu ikalia, nikapokea kwa Kiswahili kama kawaida yangu. Mwanamke wa pembeni akaushika mkoba wake, akasogea. Baadaye akaniuliza kwa Kiganda, "Wewe ni wa Kongo?"

Mnajua Kiswahili kina mkosi gani hapa. Baraza la Mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, lakini Waganda wengi wa rika la wazazi wangu walikisikia kwanza kwenye kizuizi cha barabarani: "Shuka! Kitambulisho! Lala chini!" Kwetu kambini kilikuwa lugha ya kuombana chumvi, Mwacholi na Mteso na Mgisu na sisi. Mtaani ni lugha ya bunduki. Kila baada ya shambulio vizuizi vinaongezeka, na lugha yangu inazidi kunuka baruti.

Jirani zetu Wakenya wametuonyesha pande zote mbili. Aprili 2014, baada ya mfululizo wa mashambulio, polisi waliwazoa maelfu ya watu Nairobi, wengi wao Wasomali, wakawafungia uwanja wa michezo wa Kasarani. Mwaka uliofuata, Aprili 2015, watu 148 wakauawa Chuo Kikuu cha Garissa, kwa hiyo ule msako sijui ulikuwa umezuia nini. Lakini Desemba mwaka huohuo basi lilisimamishwa na watu wenye bunduki kule Mandera. Abiria wakaamriwa wajigawe, Waislamu huku, Wakristo kule. Waislamu wakakataa. Kina mama walikuwa wamewavisha Wakristo hijabu zao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile na akafariki Januari 2016 kwa majeraha. Polisi hawakuwapo kuwaambia la kufanya. Ningetamani kila mtoto wa Uganda amjue mwalimu yule kama anavyowajua wachezaji wa Arsenal.

Haki nayo tuipe haki yake. Kesi ya mabomu ya 2010 tuliiendesha mahakamani hadi mwisho. Mwendesha mashtaka mkuu wake, Joan Kagezi, alipigwa risasi akafa tarehe 30 Machi 2015, watoto wake wakiwa naye garini, na bado kesi haikufa. Mei 2016 Jaji Owiny-Dollo aliwatia hatiani washtakiwa wanane kati ya 13. Watano akawaona hawana hatia. Watu walinung'unika juu ya hao watano. Mimi ndio walionifanya niiamini hukumu ya wale wengine.

Basi arobaini iko wapi?

Nijaribu mwenyewe kwanza. Jina la mtu aliyepanga mabomu yale nalijua: Issa Luyima, limeandikwa magazetini miaka na miaka. Niulize majina matano ya waliokufa Kyadondo. Siwezi. Mimi niliyeona buti za baba.

Marekani, ambayo siisifu kwa vita ilivyovianzisha wala kwa sheria ilizozitunga haraka baada ya Septemba 11 (nasi hatukuchelewa kuwaiga, ya kwetu ya kupambana na ugaidi ni ya 2002), ilifanya mambo mawili ninayoyaonea wivu. Ndani ya siku 11 sheria ilisainiwa yenye mfuko wa kuwafidia majeruhi na jamaa za waliokufa. Na kila mwaka, New York, majina yote yanasomwa kwa sauti, moja baada ya jingine, kwa saa kadhaa, karibu 3,000. Ya kwetu ya Julai 11 yangesomwa yakaisha kabla chai haijapoa.

Utasema majina hayazuii bomu. Hebu tutazame magharibi. Tarehe 8 Juni 1998 ADF waliingia chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakawachoma moto wanafunzi 80 mabwenini. Tarehe 16 Juni 2023 ADF haohao waliingia sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, Kasese, kama kilomita mbili kutoka mpaka wa Kongo. Wavulana walichomwa bwenini, wasichana walikatwa mapanga. Watu 42 walikufa, 37 wakiwa wanafunzi, na baadhi ya miili iliungua hata ikabidi vinasaba viseme ni mtoto wa nani. Miaka 25 katikati, adui yuleyule, moto uleule, bweni. Kama Kichwamba ingekuwa inakaa vichwani mwetu, kama kila afisa wa wilaya za mpakani angekuwa anaisoma kila Juni, je, shule iliyo karibu hivyo na msitu wa Kongo ingelala bila ulinzi?

Na jeshi letu halikuwa limelala. Operesheni Shujaa, tuliyoianza pamoja na Wakongo tarehe 30 Novemba 2021, majuma mawili tu baada ya mabomu ya Kampala, ilikuwa ikiendelea ndani ya Kongo usiku huohuo wa Mpondwe. Mizinga ilikuwa mbele. Watoto walikuwa nyuma.

Julai 11 iliyopita nilipanda boda kutoka Nsambya kwenda Kansanga. Kijana mwenyewe anatoka Beni, na Kiswahili chake kile cha Kongo kinanifurahisha. Tukakwama kwenye foleni Kabalagala, nikamwambia, "Hapa, siku kama ya leo, lililipuka bomu." Akageuza shingo. "Hapa hapa, mama? Walikufa wengi?" Nikamweleza, Ethiopian Village, Kyadondo, baba na buti zake, nikazungumza mpaka nikaona aibu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwao ADF walimchukua mjomba wake shambani mwaka 2014, yeye mwenyewe akiwa bado mtoto. Akanitajia jina lote la mjomba, la ubatizo, la ukoo, na lile walilomwita kijijini kwa sababu ya kupenda kucheza ngoma.

Mimi sikuwa na jina la kumrudishia. Foleni ikasogea.